Kabla ya Tabo, Nunua Tairi: Namna ya Kuchomoka Vizuri Kwenye Dragi

Wadau, vijana wengi wa kwetu hapa Dallas wenye Mustang na Camaro huwa wananiuliza wafunge tabo gani au supachaja gani, vile vya kuisukumia injini hewa zaidi, ili gari ikimbie zaidi kwenye dragi, yaani mbio za kunyooka za robo maili, na mimi kabla sijajibu nauliza kwanza, futi 60 zako zinasomaje? Wengi hawajawahi hata kuziangalia. Ukimaliza kukimbia unapewa kikaratasi, macho ya kila mtu yanaenda chini kwenye muda wa robo maili na spidi ya kumalizia, wakati ule muda wa futi 60 za mwanzo, yaani kama mita 18 tu, ndio unaokuonyesha gari inapotezea wapi. Ukipunguza sekunde 0.1 pale mwanzo, kule mwisho mara nyingi unakuta umepunguza kama sekunde 0.15 hadi 0.2, na injini hujaigusa.

Gari yangu ni Mustang GT ya 2013, V8 ya lita 5.0, ya kukanyaga klachi, hospawa 420 za kiwandani. Ilikuja na tairi 235/50 za inchi 18, tairi nzuri tu kwa barabara kuu, lakini ukiachia klachi pale kwenye taa za kuanzia zinazunguka pale pale na futi 60 inagoma kwenye sekunde 2.1. Nikaweka radiali za dragi, yaani tairi za mpira laini za kushika njia, za upana wa 275 kwenye rimu za inchi 17, sikubadilisha kitu kingine, ikashuka hadi 1.8 na kitu. Hakuna kifaa cha injini cha bei ile kitakachokupa tofauti hiyo, hakuna kabisa.

Kwa nini rimu ndogo? Kwa sababu unataka ubavu wa tairi uwe mrefu. Gari inapochomoka ubavu unajikunja kidogo, unameza ule mshtuko wa kwanza, na mpira unapata nafasi ya kulala vizuri chini. Rimu za inchi 20 zinapendeza kwenye picha ila ubavu wake ni mwembamba, mshtuko wote unaenda kwenye mpira na mpira unaachia.

Sasa hapa kwenye aina ya tairi ndipo watu wanapochanganyikiwa. Sliki, yaani tairi za mashindano zisizo na mistari, zile za kizamani zenye ubavu laini wa nyuzi za kukatizana zinajikunja sana na zinasamehe, ukikosea kidogo na klachi tairi inateleza halafu inashika tena, kwa hiyo kwa gari ya klachi zina raha yake. Radiali za dragi ubavu wake ni mgumu zaidi, hazipendi kuteleza, na zikishaachia sahau, hazirudi, inabidi upunguze mafuta na muda umeshaharibika. Lakini radiali zinatulia gari ikishika spidi kubwa na nyingi zinaruhusiwa barabarani, sliki haziruhusiwi. Kama gari ndio hiyo hiyo ya kwendea kazini, chukua radiali ujifunze kuiachia klachi kwa adabu. Ila mvua ikianza punguza mwendo sana, kashata zake ni chache mno na maji hayana pa kutokea.

Upepo ni bure na watu wanaudharau. Tairi za barabarani unazijaza PSI 32 hadi 35, radiali za dragi ukienda nazo hivyo umetupa hela. Mimi naanzia 20, nashuka moja moja huku naangalia kikaratasi, muda ukiacha kupungua au gari ikianza kuyumba kule mwisho narudisha juu. Tumia geji yako mwenyewe, ile ile kila siku, maana geji mbili hazisomi sawa. Na banauti, ile ya kuzungusha tairi gari imesimama kabla ya kuanza, usiifanye ya kuwafurahisha watu kwenye majukwaa, tairi ikianza kutoa moshi mzuri inatosha, lengo ni kuusafisha mpira na kuupasha joto. Ukiwa na tairi za kawaida zenye mistari, zunguka pembeni ya yale maji yanayomwagwa pale pa kufanyia banauti, usiyakanyage, mistari inabeba maji hadi kwenye mstari wa kuanzia.

Baada ya tairi ndio uje kwenye suspensheni, na hapa nazungumzia Mustang za 2005 hadi 2014 zenye ekseli nzima nyuma. Tairi ikishaanza kushika utasikia nyuma inagonga du du du du, ekseli inarukaruka. Usiendelee kukanyaga! Hiyo ndiyo inayovunja shafti na meno ya difu. Sababu kubwa ni zile amu mbili za chini, mikono inayounga ekseli na bodi, za kiwandani ni bati lililokunjwa na bushi laini za mpira, zinajipinda halafu zinajirudisha. Weka amu imara zenye bushi ngumu. Halafu angalia pembe yake, hili ni muhimu hasa kwa walioshusha gari kwa springi fupi: ukishusha bodi, ule upande wa amu ulioshika ekseli unakuwa juu kuliko upande wa bodi, na nguvu inayosukuma gari mbele inaanza kuivuta nyuma ikae chini badala ya kuikandamiza tairi. Ni kama msukuma mkokoteni, akiinama vizuri miguu inashika ardhi, akisimama wima miguu inateleza. Kuna brakiti za kushusha ule upande wa ekseli, zina matundu mawili au matatu, anza na la juu kwanza. Ukishusha kupita kiasi tairi inapigwa chini kwa nguvu mara moja halafu inaachiwa, unapoteza tena.

Mbele unataka pua inyanyuke kwa uhuru ili uzito urudi nyuma, kwa hiyo shokapu za kurekebishika zikiwa laini kwenye kunyanyuka zinasaidia. Wapo wanaofungua stabilaiza ya mbele, ile fimbo inayozuia gari isilale, uwanjani sawa, lakini usiende nayo hivyo barabarani, kwenye kona gari inalala vibaya.

Mimi hukimbilia Texas Motorplex kule Ennis, kusini mwa Dallas, uwanja uliofunguliwa 1986 na njia yake ya robo maili yote ni zege. Hapo ndipo dereva Eddie Hill mwaka 1988 alipokuwa wa kwanza kushuka chini ya sekunde 5 kwa Top Fuel, yale magari ya dragi yenye kasi kuliko yote, 4.990, na ukikanyaga zege lile lililopakwa gundi utaelewa, kiatu kinataka kubaki. Sasa usipime gari kwenye barabara ya mtaani halafu useme tairi ni mbovu, na barabara ya mtaani si pa kushindania kabisa, watu wanakufa. Mchana wa kiangazi njia ikichemka mshiko unapungua, subiri jioni ndio ulinganishe namba.

Na kumbuka tairi ikishika, nguvu iliyokuwa inapotea kwenye kuteleza sasa inaenda kwenye klachi, propela na ekseli. Funga kile kitanzi cha chuma cha kuzuia propela isichimbe chini ikikatika, hata kama hujaambiwa na wakaguzi.

Wenye Mustang za 2015 kuja juu, nyuma yenu kila tairi inajitegemea, habari ya brakiti za ekseli haiwahusu, nyie anzeni na bushi za ile fremu ndogo ya nyuma maana ndiyo inayochezacheza. Tairi na upepo ni vile vile.