Kocha akihama ni msaliti?

SWALI: Dada mhariri habari za kazi. Mimi nafundisha basketi timu ya chuo kimoja hapa Kigoma, mwaka wa nne sasa, mshahara sina, napewa posho ya elfu hamsini kwa mwezi na kuna miezi haiji kabisa. Hata ringi zetu nyavu ni za dagaa, nilizifunga mwenyewe. Sasa chuo kimoja cha Tabora wamenipigia wananitaka, laki tatu na chumba cha kukaa. Vijana wamesikia sijui kwa nani, mmoja kaandika kwenye grupu la WhatsApp "kocha nae kafata hela kama Calipari". Imeniuma mno, usiku sijalala. Kwani huyo Calipari alifanyaje, na mimi nifanyeje? Kocha, Ujiji.

JIBU: Pole sana kaka. Huyo kijana anafuatilia basketi na hilo nalipenda, ila stori kaipindua. John Calipari alikuwa kocha wa chuo kikuu cha Kentucky miaka 15, akawapa ubingwa wa vyuo Marekani 2012, na mkataba aliosaini 2019 watu waliuita wa maisha, alikuwa anachukua kama dola milioni 8 na nusu kwa mwaka. Machi 2024 wakatolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya vyuo na Oakland, timu ambayo hakuna aliyeihofia, 80 kwa 76, mashabiki wakawaka, mwezi uliofuata huyoo kaenda chuo kikuu cha Arkansas ambako mshahara ulianzia milioni 7. Kwa hiyo alishuka! Mimi naona alikuwa kachokwa na yeye kachoka.

Kama ni hela mwangalie Dan Hurley, kocha wa UConn, yaani chuo kikuu cha Connecticut, chuo kile kile alichosoma Hasheem Thabeet wetu. Kachukua ubingwa 2023 na 2024, Lakers, timu ya ligi ya kulipwa NBA, wakamtaka, iliripotiwa ni dola milioni 70 kwa miaka sita, akakataa akabaki chuoni kwa milioni 50 kwa miaka sita. Hizo hela zipo kwa sababu ya TV, haki za kuonyesha mashindano yao ya Machi kuanzia 2025 mpaka 2032 ni dola bilioni 8.8. Kwetu TV hiyo haipo, kwa hiyo usikubali mtu akupime kwa kipimo cha wale. Mtu mwenye familia kutoka elfu hamsini isiyo na uhakika kwenda laki tatu, hiyo sio tamaa kaka, hata kidogo.

Lakini kuna kitu nataka ukione. Kule kocha akiondoka bei ya kuondoka imeandikwa kwenye mkataba, mara nyingi chuo kipya ndio kinalipa chuo cha zamani, na wachezaji nao wanaweza kuhama, Calipari baadhi walimfuata Arkansas. Wa kwako je? Ada wameshalipa, kozi iko katikati, hawawezi kupanda treni wakufuate Tabora. Wewe unahama, wao wanabaki na zile ringi, ndio maana kijana kaandika vile, sio matusi, ni uchungu, usimjibu kwenye grupu.

Nenda uwanjani jioni waite wote, waambie kwa mdomo wako hela ni kiasi gani na unaondoka lini. Nimesikitika kwamba walisikia kwa watu kabla yako, hapo kweli umekosea na uwaombe radhi. Kama kuna mashindano karibu maliza nao kwanza. Na usiage hapo Kigoma kabla Tabora hawajakupa karatasi yenye sahihi inayosema mshahara, muda, chumba, na wakikuachisha katikati wanakulipa nini, maana laki tatu ya kwenye simu inaweza ikageuka posho ya elfu hamsini ukifika, nimeona watu yamewakuta.

Halafu mchague kijana mmoja mkubwa, anayeheshimika, umkabidhi funguo za stoo ya mipira mbele ya wenzake, umwandikie mazoezi ya wiki nzima kwenye daftari ili Jumatatu wasikose pa kuanzia.