Madoa kwenye bakuli lililokerezwa bichi: jua chanzo kabla ya kushika msasa

Ukianza kukereza mti mbichi, yaani kuuchonga ukizunguka kwenye mashine, utaupenda upesi. Patasi inapita laini, maranda yanatoka marefu yenye maji, vumbi hakuna. Kesho yake unakuta bakuli limeingia madoa, na wengi hapo hukimbilia msasa. Nakusihi usianze na msasa. Tafuta kwanza doa limetokana na nini, maana dawa ya doa moja haifui dafu kwa jingine.

Doa jeusi lenye ubluu ni la chuma. Miti kama mwaloni na mjozi ina tanini nyingi (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti), na tanini ikikutana na chuma penye maji hugeuka nyeusi. Kwa karne nyingi watu walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyohiyo. Angalia lilipokaa: mara nyingi ni pale taya za mashine ziliposhika mti, au ukingo uliolazwa juu ya meza ya chuma. Ukiona vidoa vidogo vilivyotapakaa kama pilipili manga, hiyo ni chengachenga ya chuma kutoka kwenye mashine ya kunolea patasi. Imekuja na vidole vyako. Nawa mikono kila unapomaliza kunoa, na usiache maranda mabichi yamelala juu ya mashine.

Doa la chuma likiwa bichi, maji ya limau hulififisha. Pakaza bakuli zima, ndani na nje, la sivyo utabaki na baka jeupe mahali pa doa. Doa likishakauka, tumia asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji, ndani ya chombo cha plastiki au kioo. Asidi hii ni sumu: vaa glavu na miwani. Rangi ikishapotea, suuza kwa maji mengi, zaidi ya mara moja, kabla ya kupiga msasa, kwa sababu chembe zake zikikauka na kupeperuka huunguza pua na koo.

Michirizi ya kijivu inayofuata nyuzi za mti ni kuvu. Asidi haiiondoi. Dawa ya klorini husafisha ukungu wa juu tu, rangi iliyozama inabaki. Na kamwe usichanganye klorini na asidi, hutoa gesi ya sumu. Kuvu huzuiwa mapema: kereza gogo likiwa limekatwa karibuni, kisha weka bakuli kwenye mfuko wa karatasi likauke polepole. Mfuko wa plastiki uliofungwa hufuga ukungu, kwani kuvu hustawi unyevu wa mti ukizidi asilimia 20 hivi.

Mstari wa kahawia ukingoni, ulioachwa na maji yaliyokauka, usikusumbue kama utalikereza bakuli mara ya pili likishakauka. Mara ya kwanza, bakuli la upana wa sentimita 30 huachiwa unene wa sentimita 3 hivi, na mstari huo kwa kawaida huondoka na maranda ya mwanzo.