Tuna pensheni na bima yetu: bado tukate NSSF na SHIF?

SWALI: Tuna wafanyakazi 7 hapa Nakuru, kila mmoja mshahara wake ni shilingi 60,000. Tuna mfuko wetu wa pensheni na tumewakatia bima ya afya katika kampuni binafsi. Je, NSSF (hifadhi ya jamii ya taifa) na SHIF (bima ya afya ya jamii) bado zinatuhusu? Hesabu zetu za mwaka 2025 zinaonyesha NSSF ya 2,160 kwa kila mtu.

JIBU: Zinawahusu, na hiyo 2,160 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Tuanze na afya, maana haina mjadala. Bima ya binafsi ni nyongeza tu, haimwondoi mtu kwenye SHIF. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, si chini ya shilingi 300, wala hakuna kikomo cha juu. Kwa wenu ni 1,650. Msichangie nusu kwa mazoea ya NSSF: SHIF hutoka kwa mfanyakazi peke yake, kazi ya mwajiri ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Sasa NSSF. 2,160 ni asilimia 6 ya 36,000, kikomo cha mshahara unaochangiwa kwa mwaka ulioanza Februari 2024. Februari 2025 kikomo kilipanda hadi 72,000, ila programu yenu ya mishahara haikuguswa. Hesabu sahihi kwa mwaka ulioanza Februari 2025 ni hii: ngazi ya I, asilimia 6 ya 8,000 za kwanza, ni 480, ngazi ya II, asilimia 6 ya 52,000 zilizobaki, ni 3,120. Jumla 3,600 kwa mfanyakazi, na mwajiri naye atoe kiasi hicho hicho. Mmepungukiwa 1,440 kila upande. Kwa watu 7 ni 20,160 kwa mwezi, bila adhabu ya kuchelewa.

Mfuko wenu unaweza kupokea ngazi ya II tu. Ngazi ya I haikwepeki. Na kuwa na mfuko uliosajiliwa hakutoshi: mwajiri huomba idhini RBA (mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni) siku 60 kabla ya tarehe anayotaka kuanza, na mfuko lazima utimize masharti ya kupokea michango hiyo. Kabla ya idhini, ngazi zote mbili ziende NSSF. Idhini haifuti deni la nyuma.

Mkisahihisha, sahihisheni PAYE (kodi ya mshahara) pia. Tangu 27 Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba (asilimia 1.5, kwenu 900) hutolewa kabla ya kukokotoa kodi, pamoja na pensheni isiyozidi 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwemo. Kabla ya kuingiza mchango wa mfuko wenu, kinachotozwa kodi ni 53,850.

Anzeni na orodha ya mishahara ya Februari 2025, mwezi mmoja mmoja. Upande wa mfanyakazi uliopungua msiukate wote kwa mkupuo: Sheria ya Ajira haikubali makato yazidi theluthi mbili ya mshahara.