Siku ya tisa, bilauri ya maji baridi

Dada uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kujibu. Umesema saratani ya titi imeshafika kwenye mifupa, daktari amekwambia wazi kwamba haiponi ila inadhibitika, na kila unayemweleza anakujibu "furahia maisha". Unauliza kufurahia huko kunaanzia wapi, wakati hata kulalia ubavu wa kushoto ni shughuli.

Mimi yangu ilianzia kwenye utumbo mpana ikahamia kwenye ini. Huu ni mwaka wa tatu. Nitakwambia yaliyonikuta, ualimu sina.

Huo ubavu ndio pa kuanzia, furaha ije baadaye. Mtu mwenye maumivu hana nafasi ya kitu kingine kichwani. Mimi niliikataa mofini wiki nne nzima kwa sababu niliiona ni dawa ya kuagia. Binti yangu alifaulu mtihani ndani ya wiki hizo. Nilimwambia "vizuri" huku nimeukodolea macho ukuta. Nilipokubali kuimeza, usiku wa pili nililala saa sita mfululizo, nikaamka nasikia ndege nje. Kumbe walikuwa wakilia hapo kila asubuhi. (Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mofini inafunga choo. Idai dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo unapoanza. Usisubiri kama mimi.)

Nikikutajia tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa, usishtuke ukadhani nakuzika. Nami nilidhani ndipo wanapopelekwa waliokatiwa tamaa. Daktari akanieleza utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida, jingine likapata hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Hawa wa pili waliishi kwa nafuu zaidi, wachache wao walikuwa na dalili za sonona, na ukipima katikati ya kundi waliishi miezi 11.6, wenzao miezi 8.9. Niliona aibu kwa zile wiki nne zangu.

Sasa hiyo furaha. Moja ya dawa zangu ni oksaliplatini, na ina kituko chake: baridi inageuka miiba. Nikishika kitasa cha chuma asubuhi, vidole vinachomwa kama kwa sindano. Nikinywa maji ya bomba, koo linajikaza kama limekabwa. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya dripu kila kitu changu ni cha uvuguvugu, na bilauri naishika kwa kitambaa. Kwangu mimi hali hiyo huisha siku ya nane au ya tisa.

Basi siku ya tisa mke wangu hutoa bilauri ya maji kwenye friji, huiweka mezani, kisha huketi kunitazama. Naigusa kwa kidole kimoja. Halafu kiganja kizima. Nakunywa tone, nasubiri. Koo likinyamaza nayashusha yote kwa mkupuo mpaka meno yanakufa ganzi, ile ganzi ya kawaida ya watu wote, na mke wangu hucheka kabla sijamaliza. Miaka hamsini nilikunywa maji bila kuyaona.

Furaha hiyo sikuipanga, na nadhani ningeipanga isingekuja. Nilichofanya ni kuanza kuhesabu. Wiki yangu haina Jumatatu tena, ina siku ya kwanza hadi ya kumi na nne, kutoka dripu moja hadi nyingine. Siku mbili za mwanzo zile dawa za kuzuia kutapika huninyima usingizi, hivyo saa tisa usiku utanikuta napanga makabati. Ya tatu hadi ya sita usiniulize. Kuanzia ya tisa ni zangu. Dawa zako ni nyingine na kalenda yako itakuwa nyingine, lakini andika neno moja kila jioni kwa mizunguko miwili, utaona siku zako nzuri zinapojificha. Wageni waje siku hizo. Siku mbovu usiahidi hata kupiga simu.

Hilo neno moja liwe la ukweli. Rafiki aliniletea daftari la kuandika mambo matatu ya kushukuru kila siku. Siku ya nne nikaandika: godoro, godoro, godoro. Nikaligawa. Sisemi kushukuru ni kubaya, nasema lilinigeuka kazi ya nyumbani, na mimi kazi ninazo za kutosha.

Kuna na wale wanaokwambia huzuni ndiyo inayolisha uvimbe, kwamba ukicheka utapona. Waache waende zao. Daktari wangu hajawahi kuniandikia kicheko mara tatu kwa siku. Ukilia Jumanne hukumharibia mtu chochote.

Umetaja pia kwamba ulikesha ukisoma takwimu kwenye simu. Mwaka 1982 mwanasayansi wa Marekani, Stephen Jay Gould, aligunduliwa na saratani adimu ya utando wa tumbo. Maandiko ya wakati ule yalionyesha nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miezi 8 tangu kugunduliwa. Yeye akajiuliza: na ile nusu nyingine? Aliishi miaka 20 zaidi, akafariki mwaka 2002 kwa saratani tofauti. Sikupi hii kama ahadi, sina ahadi ya kugawa. Nakupa kwa sababu siku niliyoisikia niliweza kuizima simu.

Nikuongezee moja dogo. Ile oksaliplatini imeniachia pia ganzi kwenye ncha za vidole, na vifungo vya shati vimenishinda. Mwanzoni nilivaa fulana tu kwa ubishi. Siku moja binti yangu, ambaye kwa umri wake hazungumzi na wazazi kama hajalazimika, alisimama mbele yangu akasema, "Baba, inua kidevu." Akafunga kimoja kimoja kuanzia juu. Akifika cha tatu huwa ananiambia jambo. Nani kagombana na nani darasani, mwalimu gani anamwonea. Cha mwisho kikifungwa anaondoka, mazungumzo yameisha. Shati zenye zipu mke wangu aliponinunulia, niliziweka chini kabisa ya sanduku.

Kwa hiyo dada, mwambie daktari habari ya huo ubavu kesho, asubuhi, kabla ya mengine yote. Mwambie unauma saa ngapi na unakuzuia kufanya nini. Hilo linamsaidia kuliko kusema tu "unauma". Mifupa ina dawa zake na hata mionzi ya kutuliza maumivu ipo. Halafu rudi utuambie umelala vipi.

Mimi leo ni siku ya sita. Bilauri nimeiona kwenye friji, bado siigusi.