Maswali ya Wasomaji: Trekta Linalokataa Kuwaka Asubuhi ya Baridi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima viazi mviringo wilayani Makete na ninatumia Massey Ferguson 290 la zamani. Katika miezi ya Juni na Julai, asubuhi ambazo majani huamka yakiwa meupe kwa sakitu, stata huizungusha injini mpaka betri ikachoka, na kinachotoka ni moshi mweupe tu. Jua likishapanda huwaka bila shida, na mchana kutwa halinisumbui hata nikilizima na kuliwasha tena. Fundi anasema pampu ya nozeli imekwisha, na anataka kuishusha ipelekwe mjini. Je, nimkubalie? – Msomaji, Makete, Njombe.

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali bado, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaitetea pampu hiyo. Pampu ya CAV ya kuzunguka, ambayo hufungwa kwenye matrekta mengi ya aina yako, ikichakaa husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, kwa kuwa dizeli iliyopata joto huwa nyepesi na hupenya kwenye nafasi zilizoliwa badala ya kusukumwa kwenda kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli. Lako linafanya kinyume chake. Tena moshi mweupe ni dizeli iliyofika ndani ya silinda, ikanyunyizwa, lakini haikuungua. Kama bomba lisingetoa moshi wowote, ningekuelekeza kwanza kwenye waya wa kuzimia uliogoma kurudi, kwenye filta iliyoziba au kwenye upepo ndani ya mabomba.

Kinachokosekana, basi, ni joto. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa sababu pistoni huibana hewa mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Chuma kikiwa baridi huunyonya moto huo, na stata ikizunguka polepole hewa hupata muda wa kupoa na kuvuja kwenye ringi. Mwinuko nao huongeza tatizo: kwenye maeneo yanayofika mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kama uwanda wa Kitulo, hewa ni pungufu kwa takribani robo ikilinganishwa na ya pwani. Ndiyo maana trekta linalowaka vizuri Mbarali linaweza kugoma kwenu.

Watengenezaji walilijua hilo, wakafunga kwenye menifoldi ya kuingizia hewa kifaa cha kupasha hewa kinachoitwa Thermostart, kama kilivyoandikwa kwenye vitabu vya trekta. Hicho ni koili ya umeme inayopata dizeli kidogo kupitia bomba jembamba. Ikishapata moto hufungua njia ya mafuta, nayo huwaka na kuipasha hewa inayovutwa na injini. Geuza swichi kwenye nafasi ya kupasha joto, subiri sekunde 15 hadi 20, kisha ndipo uzungushe stata. Madereva wengi hawaitumii nafasi hiyo, na kwenye matrekta ya mkono wa pili mara nyingi waya wake umekatwa au bomba lake limezibwa na mtu aliyechoshwa na uvujaji. Ili kuipima, shika menifoldi karibu na kifaa hicho baada ya kupasha: isipopata uvuguvugu wowote, fuatilia umeme kuanzia kwenye swichi. Ikipata uvuguvugu na injini bado ikagoma, legeza bomba jembamba uone kama dizeli inafika.

Baada ya hapo, pima betri. Betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6 ikiwa imepumzika. Kwenye baridi ya nyuzi sifuri nguvu yake ya kuzungusha stata hubaki kama theluthi mbili, kwa hiyo iliyo nusu haina la kukusaidia alfajiri. Ondoa ukungu wa kijani kwenye vichwa vya betri, na usisahau waya mnene unaoshika bodi, ambao watu huusahau kuliko waya wowote. Usizungushe stata zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja. Ipumzishe dakika moja au mbili. Angalia pia oili: ukiwa umeweka namba 40 au 50 isiyo na W (alama ya oili inayofaa pia kwenye baridi), injini inazunguka kama iliyomo kwenye asali. Weka 15W-40.

Yote hayo yakiwa sawa na moshi mweupe ukaendelea, ndipo nozeli zipimwe na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ikaguliwe. Pampu iwe ya mwisho.

SWALI: Hapa Kinangop wengine hufunika kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa, au hupuliza dawa ya kuwashia ya kopo. Je, ni salama? – Msomaji, Nyandarua.

JIBU: Hapana, hasa kwenye trekta lenye kifaa cha kupasha nilichokieleza hapo juu, kwa sababu mvuke ule hukutana na koili nyekundu na kulipuka ndani ya menifoldi. Hata pasipo kifaa hicho, mafuta hayo huwaka mapema pistoni ikiwa bado inapanda, nayo huweza kuvunja ringi. Moto wa kuni chini ya tangi la oili nao ni hatari, kwani dizeli na oili zilizochuruzika zimeupaka mwili mzima wa injini. Kama huna njia nyingine, mimina maji ya moto kwenye rejeta iliyomwagwa maji baridi, zungushia filta ya dizeli vitambaa vilivyolowa maji ya moto, na uchaji betri ndani ya nyumba usiku kucha.