Muulize Mpishi wa Mlima: Siku ya nne tuko Margherita?

Maswali ya wasomaji hujibiwa hapa na mzee aliyekuwa akipikia misafara ya Ruwenzori kutoka Mutwanga. Sasa anaishi Kadutu, Bukavu.

Salamu Papa. Sisi ni vijana wanne, tumemaliza univerisite. Tunataka kupanda Ruwenzori kuanzia Mutwanga. Siku ya kwanza tunalala kibanda cha Kalonge, ya pili Mahangu, ya tatu Kiondo, ya nne tunafika Margherita, kilele cha juu kabisa, na kushuka mpaka Kalonge, ya tano tumerudi Mutwanga. Njia tumeshaichora kwenye simu. Mmoja wetu anasema mpango huu utatuua, wengine tunamwita mwoga. Nani anasema kweli? (Ibanda, Bukavu)

Huyo mnayemwita mwoga ndiye ningemkabidhi sufuria zangu.

Kabla ya ramani kuna simu. Pigeni kwenye kituo cha mbuga cha Mutsora, pale juu ya Mutwanga, muulize kama njia iko wazi. Upande ule wa Beni umekaa miaka mingi bila usalama, na mlima unafuata hali ya bondeni. Wakisema umefungwa, umefungwa. Msitafute kijana wa kuwapenyeza mashambani alfajiri, maana yuko, na bei yake ni nzuri. Lakini kupanga hakujakatazwa na mtu, basi tupange.

Chukueni karatasi muandike urefu wa mahali mtakapolala. Kilele kiacheni kwanza. Bukavu mnalala kwenye mita 1,500 hivi. Kalonge ni mita 2,100 na kitu: mnapita migomba na kahawa, mnaingia msituni, mnatoka jasho, basi. Mahangu ni kama 3,300. Kiondo ni kama 4,200. Sasa toeni: kutoka Kalonge hadi Mahangu mmepanda mita 1,200 kwa siku moja, na kesho yake mnaongeza 900. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, kitanda chake kisipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Kupanda kwenu kutoka Mahangu hadi Kiondo kunakaribia kuwa mara mbili ya hesabu hiyo, halafu asubuhi inayofuata mnataka kwenda Margherita, kwenye mita 5,109.

Vibanda havisogei, viko palepale tangu enzi za Wabelgiji. Kinachoweza kusogea ni siku. Laleni Mahangu usiku mbili. Siku ya katikati pandeni taratibu, bila mzigo, mpaka katikati ya miti ya erika yenye kuvumwani inayoning'inia kama ndevu, kaeni saa moja, rudini kulala chini. Kiondo pia usiku mbili, na siku ya katikati ni ya Wusuwameso, kile kilele kidogo kilicho juu ya kibanda. Hali ya hewa ikikubali, mtaiona barafu ya mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita, mbele yenu. Siku ya sita shukeni hadi Kalonge, ya saba mtoke. Magoti yenu yatalia siku ya sita kuliko siku zote, kwa hiyo msiweke basi la kuwahi jioni ya saba.

Na Margherita? Wengi wanaotokea upande wetu huishia Wusuwameso, na mimi sioni aibu yoyote. Kwenda juu zaidi kunataka kamba, viatu vyenye meno ya chuma, shoka la barafu, na kiongozi anayeijua barafu ya mwaka huu, siyo ya babu yake. Mwanamfalme wa Italia, yule Duke wa Abruzzi, alipofika kileleni mwaka 1906, barafu ya Ruwenzori yote ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Maelezo ya zamani yanawaambia muvuke barafu mahali ambapo leo mtakuta mwamba mtupu unaoteleza. Mkilitaka hilo, ongezeni siku nyingine na pesa nyingine, na mjifunze kamba kwanza. Msijifunzie kule.

Sasa simu yenu. Kuchora njia ni vizuri, ila simu inapima kilomita, na kule kilomita hazina maana. Kati ya Mahangu na Kiondo kuna mahali ambapo hukanyagi ardhi kabisa: ni mizizi imelala juu ya mizizi, imefunikwa na kuvumwani ya kijani laini, unaweka mguu ukidhani pagumu na unazama mpaka gotini. Hesabuni kwa saa. Mtu mzima mwenye mzigo mdogo, kwenye tope, mpeni mita 300 za kupanda kwa saa moja. Kalonge hadi Mahangu ni saa nne bila kukaa. Pamoja na kula, kusubiriana na mvua, semeni sita. Kule tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, saa kumi na mbili jioni na dakika kidogo ni giza, mwaka mzima. Kwa hiyo ondokeni saa moja asubuhi, na kwenye karatasi, pembeni ya kila kipande cha njia, andikeni saa ya kugeuka. Ikifika saa hiyo hamjafika, mnageuka, hata kama kibanda "kiko hapo tu". Mkubaliane Bukavu, mkiwa mmeshiba, kwa sababu kule juu aliyechoka hana shauri na mwenye nguvu hasikii.

Msimu: Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari. Mvua mtaipata hata hivyo.

Nije kwenye kazi yangu. Vijana wote huleta maharage, kwa sababu ni rahisi na yanashibisha. Kiondo maji yanachemka kwenye digrii 86 hivi. Unaona mapovu, unafurahi, maharage yanageuka tu kwenye sufuria kama mawe ya mtoni, gunia la makala (makaa) linaisha na watu wanalala na njaa. Maharage pikeni Kalonge, mengi, mbebe mengine yaliyoiva kwenda Mahangu. Kutoka hapo juu ni unga, sambaza (samaki wadogo) zilizokaangwa zikakauka vizuri, karanga, sukari na majani ya chai. Makala yote yatoke Mutwanga: kukata kuni ndani ya mbuga ni marufuku, na hata ungekata, mti wa kule umelowa mpaka moyoni. Gunia la makala livalisheni plastiki kabla hamjajivalisha nyinyi.

Siku mbili nilizowaongezea zina bei yake. Kila mbebaji naye anakula, kwa hiyo siku zikiongezeka chakula kinaongezeka, na chakula kikiongezeka wabebaji wanaongezeka. Fanyeni hesabu hiyo pamoja na watu wa Mutsora. Msiifanye peke yenu mezani. Mhesabu na mablanketi yao. Nimeona wageni wenye mifuko minono ya kulalia, na waliowabebea wamejikunja kwenye moshi.

Papa, mwanangu anaenda mlimani na wenzake. Jirani ameniambia nimpe tangawizi na kitunguu saumu, vinazuia ugonjwa wa mlima. Ni kweli? (Mama wa Kadutu)

Mama, tangawizi mpe, chai yake ni nzuri kwenye baridi. Ila haitazuia ugonjwa huo. Kinachozuia ni kupanda polepole. Kuna dawa inaitwa asetazolamidi, lakini hiyo aandikiwe na daktari huku Bukavu kabla hajaondoka, asipewe na rafiki kule juu.

Mwambie hivi: kichwa kikiuma na chakula hakipiti, hapandi tena mpaka kipone. Kikizidi, anashuka. Akianza kuyumba, wenzake wamtembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, au akihema hata akiwa amekaa, ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, na asiachwe ashuke peke yake. Wala asidanganywe na "nimechoka tu". Wote husema hivyo.

Mimi nina miaka 52, sina pesa za Beni wala muda. Kahuzi inanifaa? (Bagira)

Inakufaa sana, na ningewatuma hata wale vijana wa Ibanda wakaanzie hapo. Kahuzi ni mita 3,308, mwenzake Biega ni 2,790. Unapita Miti mpaka Tshivanga, unauliza hali ya usalama na kibali, unapewa walinzi. Bila walinzi hakuna kupanda, na msitu ule una sokwe wakubwa na watu wenye bunduki ambao si walinzi. Ni safari ya siku moja ukitoka gizani. Mianzi ni mirefu, chini ni tope, kileleni baridi inashangaza kwa mahali panapoonekana kutoka mjini. Chukua fimbo kwa ajili ya kushuka.

Tuko Goma, Nyiragongo iko mlangoni petu. Kuna kijana anasema anajua kupitia Kibati bila kibali. Twende?

Hapana. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 wageni walifungiwa njia ile, na waliokuwa Goma usiku ule hawahitaji nieleze kwa nini. Siku mtakapopata kibali, kumbukeni kwamba jiwe la volkano linakunywa mvua yote: njiani hakuna kijito wala kisima, kila tone la kunywa na la kupikia mnalibeba mgongoni tangu chini.

Bote za plastiki au viatu vya mlimani vya mitumba? (wengi mmeuliza)

Ruwenzori, bote za plastiki, zile za mashambani, mpaka Kiondo. Nunua namba moja juu ya yako na uvae soksi mbili, moja nyembamba, moja nzito. Kwenye Kahuzi viatu vya mitumba vinatosha kama soli ina meno. Pale soko la Kadutu ikunje soli kwa mikono miwili kabla hujauliza bei. Ikipasuka kwenye mkunjo, mrudishie mwenye nayo.