Jibu kwa mama wa Buhongwa: huyo binti usimwadhibu

Dada yangu, umeeleza kwamba binti yako wa miaka 9 amekuwa mkali na mkimya tangu mdogo wake aanze mazoezi tiba kwa ajili ya mtindio wa ubongo, ukauliza kama anastahili adhabu. Nakuomba usimwadhibu, kwa sababu nami nilipita hapo hapo.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitoka soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, ambako nauza dagaa, namfunga mgongoni mwanangu mwenye hali kama ya mdogo wa binti yako na kupanda naye kilima cha Bugando kwenda kliniki hospitalini, huku nyumbani dada yake akiosha vyombo na kupika uji, na majirani wakinipongeza kwa kupata msaidizi mapema. Siku moja nikianika magodoro nilikuta chini ya godoro la binti yangu barua tatu za shule za kuniita kwenye kikao cha wazazi. Nilipomuuliza alijibu bila kuniangalia, "Siku hizo zote zilikuwa za kliniki, mama."

Nilianza kwa kumweleza ukweli wa hali ya mdogo wake, kwamba ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa na kwamba hali hiyo haiambukizi. Ndipo akaniuliza, akitetemeka, kama ni kwa sababu aliwahi kunirukia tumboni nikiwa mjamzito. Alikuwa amelibeba hilo peke yake muda wote huo!

Tangu hapo, kila Jumamosi alasiri shangazi yake hubaki na mtoto, nasi wawili huteremka ziwani kutazama kivuko cha Kamanga kikipakia. Jumamosi mbili za kwanza hakusema lolote. Ya tatu akaniambia kwamba humchukia mdogo wake anapomchania madaftari, kisha huona aibu. Nilimwambia kukasirika si dhambi.

Huko Marekani, Don Meyer alianzisha mradi maalumu wa ndugu wa watoto wenye ulemavu mwaka 1990, ambamo watoto hao hukutana wakacheza na kuzungumza na wenzao wanaoishi maisha kama yao. Sisi akina mama watatu wa kliniki hufanya hivyo uani kwangu mara moja kwa mwezi, kwa mpira na chungu cha viazi.

Tena usimwambie kwamba ndiye atakayemlea mdogo wake mtakapokuwa hampo, maana huo ni mzigo wa watu wazima kuupanga. Kikao kijacho cha shule kikiangukia siku ya kliniki, mwombe baba yao ampeleke mtoto, nawe uende shuleni.